Konokono wa Gamba la Kushoto

Chuoni walimwita Mkasi. Wanafunzi wa miaka ya nyuma kabisa ndio waliompachika jina hilo, na kila darasa lililoingia likalirithi, hadi wakufunzi wapya wakadhani ndilo alilozaliwa nalo. Mwenyewe hakulikataa. Aliingia chuo kile cha ualimu akiwa na umri wa miaka ishirini na minne, mfagiaji mwenye elimu ya darasa la saba, akakabidhiwa jengo la sayansi: kufagia, kupiga deki, kumwaga taka, na kufunga madirisha saa kumi jioni.

Maabara ya biolojia ilikuwa chumba kirefu chenye meza sita za mbao, masinki manne, mawili yameziba, na kabati la vioo lililojaa chupa za viumbe waliogeuka rangi ya chai ya maziwa. Nyuma yake, kupitia mlango usio na kitasa, kulikuwa na kichumba cha konokono. Humo mlikuwa na matangi matano ya kioo, ndoo tatu, na harufu ya majani ya kabichi yaliyolala majini siku mbili. Wafagiaji waliomtangulia walikuwa wakifagia mpaka mlangoni na kuishia hapo. Yeye alifagia hadi ndani, kwa kuwa hakuna aliyemwambia asiingie.

Mwenye chumba alikuwa fundi wa maabara, mzee mwembamba, mzito wa kusema, ambaye kila mtu alimwita Mzee Kibanio kwa sababu mfukoni mwa shati, pale wenzake wanapochomeka kalamu, yeye alichomeka kibanio cha chuma cha kushikia vitu vidogo. Kwa miezi minne hakumsemesha mfagiaji zaidi ya salamu. Asubuhi moja alikuwa ameinamia sinia ya nta akimpasua konokono kwa ajili ya darasa, na mkono ukawa unamtetemeka hata ncha ya mkasi ikagonga ukingo wa sinia kama mtu anayebisha hodi. Akauweka chini. Akamtazama mfagiaji aliyekuwa akikamua tambara.

"Binti, mikono yako inatulia?"

"Inatulia, Mzee."

"Hebu nawa uje."

Ndivyo ilivyoanza. Kwa miaka sita iliyofuata Mzee Kibanio alikuwa macho na mdomo, yeye akawa mikono. Alimfundisha kulivunja gamba kipande kwa kipande kwa koleo dogo, kama mtu anavyomenya yai la kuchemsha, bila kuugusa mwili ulio ndani. Alimwonyesha ule msuli mmoja unaomfunga konokono kwenye nguzo ya gamba lake, ambao usipoukata mwanzo utavuta mpaka umrarue mnyama mzima. Alimfundisha kumlaza majini, kumbana kwa pini kwenye nta, kisha kulipasua joho, ile ngozi laini inayomzunguka mgongoni na ambayo ndiyo inayojenga gamba, tabaka juu ya tabaka, tangu anapoanguliwa hadi anapokufa.

"Watu husema konokono anabeba nyumba," mzee alimwambia. "Wanakosea. Nyumba unaweza kuhama. Hili gamba ni sawa na kucha zako. Ukimtoa humo hajahama, amekufa."

Akamwonyesha moyo wenye vyumba viwili tu, ukipiga polepole chini ya utando. Akamwonyesha damu, ambayo haikuwa nyekundu bali ya buluu hafifu, na jinsi ubuluu unavyokolea ikikaa hewani, kwa kuwa inabeba shaba pale ambapo yetu inabeba chuma. Akamtolea ulimi wa konokono, utepe mwembamba kuliko uzi, akamwekea chini ya darubini. Mkasi alipochungulia aliona safu kwa safu za meno madogo, mamia na mamia, yamepangwa kama msasa.

"Anakwangua chakula, hatafuni," mzee alisema. "Meno ya mbele yakilika, ya nyuma yanasogea. Laiti na sisi tungeumbwa hivyo."

Siku hiyo ndiyo siku pekee aliyomwona Mzee Kibanio akicheka, na alikuwa na meno manne.

Jambo lililomshangaza kuliko yote lilikuwa lile la kujipinda. Konokono, mzee alieleza, akiwa bado yumo ndani ya yai, mwili wake hujizungusha mpaka sehemu ya nyuma ikaja mbele. Utumbo unapinda kama bomba lililokunjwa, na tundu la kutolea choo linaishia karibu na kichwa, upande mmoja wa shingo.

"Kwa hiyo anajinyea kichwani?" Mkasi aliuliza.

"Karibu sana na hapo. Ndiyo maana usiwaonee wivu."

Mzee Kibanio alipostaafu hakuna aliyeletwa badala yake. Mkuu wa idara wa wakati huo alisubiri maabara isimame, haikusimama. Sinia zikaendelea kutoka asubuhi zikiwa tayari, viungo vimetandazwa, kila kimoja mahali pake, hakuna kilichokatika. Ilichukua muhula mzima wakufunzi kuuliza ni nani anayezitayarisha. Wakamwandikia barua ya kupandishwa cheo: msaidizi wa maabara. Ufagio haukuondolewa, ulibaki nyuma ya mlango, na yeye akaendelea kuutumia.

Nyumbani alikuwa na mumewe, fundi saa, mtu wa utani mwingi ambaye karakana yake ilikuwa meza moja kwenye baraza ya mbele, na alikuwa na Kidogo. Kidogo alikuwa binti wa mdogo wake Mkasi, ambaye alifariki na kumwacha mtoto akiwa na miaka minne. Mkasi na mumewe hawakujaliwa watoto wao. Walimlea yule mtoto kama yai, wakamsomesha, na kufumba na kufumbua akawa msichana wa miaka ishirini na miwili, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho katika chuo kilekile, somo la biolojia. Chuoni walipeana salamu kama watu wa idara moja. Nyumbani alimwita Mama mkubwa.

Mwaka huo, miaka miwili kabla ya Mkasi kustaafu, alikuja mkufunzi mpya. Wanafunzi walimwita Daktari kwa sababu alikuwa nayo kweli, shahada ya uzamivu, ya mambo ya wadudu. Alikuwa kijana mwenye bidii, anayetembea kwa haraka korido nzima akisoma karatasi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuta mtihani wa vitendo umekuwa uleule kwa miaka tisa, konokono yuleyule mkubwa wa nchi kavu, na wanafunzi wanakariri michoro ya waliowatangulia. Akaamua kubadilisha.

Tangi la nne la Mkasi lilikuwa na konokono wa bwawani, wakubwa kiasi cha kujaza kiganja, wenye gamba la kijani kibichi linaloelekea weusi na kifuniko kigumu wanachojifungia wakiguswa. Mzee Kibanio ndiye aliyewapenda, kwa kuwa wana matamvua ya kupumulia majini kama samaki, na pafu la kupumulia hewani kama sisi, vyote katika mwili mmoja. Daktari alimtoa mmoja, akamshika ncha ya gamba ikitazama juu na mlango wa gamba ukimtazama yeye. Konokono walio wengi, ukiwashika hivyo, mlango huwa mkono wako wa kulia. Kwa huyu ulikuwa kushoto.

Daktari alimgeuza mara mbili. Akatabasamu.

Juma moja kabla ya mtihani alikutana na Mkasi koridoni, yeye anashuka ngazi, Mkasi anapanda na ndoo.

"Mama, wale wetu ni wa kushoto wote, sivyo? Hakuna aliyechanganyika?"

"Ni wa kushoto wote, Daktari."

"Safi sana." Akaendelea na safari yake.

Siku ya mtihani Mkasi alipanga sinia arobaini, mikasi arobaini na konokono arobaini waliouawa taratibu kwa maji ya vuguvugu, akatoka nje kabla karatasi hazijagawanywa, kama kanuni ilivyotaka. Baadaye alirudi, akakusanya mabaki, akayafukia nyuma ya jengo, akaosha vyombo. Hakuliona swali. Hakuna aliyewahi kumwonyesha swali kwa miaka yote hiyo, na yeye hakuwahi kuuliza.

Matokeo yalibandikwa Ijumaa moja mchana. Kidogo alifika nyumbani saa tisa, kavaa tabasamu la sikio hadi sikio. Mkasi alikuwa uani anaanua nguo.

"Mama mkubwa, nimepita."

Mkasi aliweka nguo begani akamkumbatia. Fundi saa alipaza sauti toka barazani kwamba sasa anaweza kufa, mwalimu yupo wa kumwandikia hotuba ya mazishi. Kidogo akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akaanza kusimulia.

"Lakini darasa limefyekwa. Thelathini na mmoja wameanguka vitendo. Hata Baba Mapacha wa darasa letu, na hii ni mara yake ya pili. Ni lile swali la konokono. Lilikuwa na alama nusu nzima."

"Liliuliza nini?"

"Mpasue konokono, mchore, onyesha upande lilipo tundu la choo na ulipo uume kama ni dume. Halafu ueleze kwa nini."

"Na wewe ukaonyesha wapi?"

"Kushoto. Gamba likizunguka kushoto, mwili nao unageuka, kila kitu kinahamia upande wa pili, kama kwenye kioo. Daktari aliligusia kidogo darasani. Wengi walilisahau."

Mkasi aliendelea kuanua nguo. Alimaliza kamba moja akaingia ya pili. Kisha akauliza, bila kugeuka:

"Ulipompasua, uliliona wapi?"

Kidogo akainama kukung'uta vumbi kwenye viatu.

"Kidogo. Nakuuliza uliliona wapi."

"Kulia," alisema Kidogo. "Nikadhani nimemlaza vibaya. Nikamgeuza. Likawa bado kulia. Muda ulikuwa unakwenda, Mama mkubwa."

"Ukachora kushoto."

"Daktari alisema kushoto."

Mkasi akaikunja shuka mara nne na kuiweka kwenye beseni. Aliwapasua konokono wale kwa zaidi ya miaka thelathini, mamia yao. Alijua kama anavyojua kiganja chake kwamba gamba lao linadanganya. Kwa nje wanaonekana wa kushoto. Kwa ndani, konokono akitambaa mbele yako akielekea unakoelekea wewe, tundu la choo liko kulia, uume uko kulia, na mrija wa kuvutia hewa uko kushoto, sawasawa na jamaa zake wenye gamba la kulia. Mzee Kibanio alimwambia jambo hilo mwaka wa kwanza. Yeye alilichukulia kama kitu kinachojulikana na kila msomi, na ndiyo maana koridoni, alipoulizwa kama konokono ni wa kushoto, akafikiri anaulizwa gamba.

Alikaa na jambo hilo Jumamosi nzima. Alikuwa mtu asiyependa maneno, na jambo hili lilikuwa na maneno mbele na nyuma. Wanafunzi thelathini na mmoja walichora walichokiona wakaanguka. Tisa walichora walichoambiwa wakapita, na mmojawapo alikuwa chumba cha pili akipanga vitabu vyake kwenye boksi. Wenye malalamiko walipewa siku saba za kukata rufaa, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amekata, kwa sababu kila aliyeanguka aliamini amekosea.

Jumapili mchana alimweleza mumewe. Fundi saa alikuwa na saa ya ukutani imefunguliwa tumbo mezani.

"Unajua ukisema Kidogo atarudia mtihani," alisema.

"Najua."

"Na unajua watakuuliza kwa nini hukusema mapema."

"Hilo pia najua."

Fundi saa alipuliza vumbi kwenye gurudumu la saa. "Mimi sina la kukushauri. Ukisema nitakuelewa, usiposema nitakuelewa. Ila kuna kitu sijakielewa. Gamba linawezaje kwenda kushoto na mwenyewe akabaki kulia?"

Mkasi aliinua kutoka kwenye kisahani chake springi bapa ya saa, ule waya mwembamba uliojizungusha kama dawa ya mbu ya kuwasha. Akaishika kwa ukingo wake wa nje. Akabonyeza katikati kutoka chini, ikainuka kama kichuguu. Kisha akaiachia, akaibonyeza katikati kutoka juu, ikazama upande wa pili.

"Waya ni huohuo," alisema. "Mzunguko ni huohuo. Nimebadilisha tu upande wa kuchomoza. Ukiishika hii ncha juu, mlango uko kulia. Ukiipindua uishike hii nyingine ncha juu, mlango uko kushoto. Lakini waya haujageuzwa. Na konokono ni hivyo. Gamba limechomoza upande mwingine, mwili haujui habari hiyo."

Fundi saa aliipokea ile springi, akaibonyeza mwenyewe juu na chini. "Chukua moja," alisema. "Wasomi watataka kuona."

Jumatatu asubuhi alibisha mlango wa Daktari. Alimweleza kwa maneno machache, amesimama. Daktari alimsikiliza akiwa na kalamu mkononi, na hakumkata kauli, lakini alipomaliza alitikisa kichwa kwa upole.

"Mama, nakuheshimu sana kwa kazi yako. Ila gamba likigeuka mwili unageuka. Hiyo ni kanuni."

"Kwa wengine ndiyo, Daktari. Hawa hapana."

"Nilikuuliza koridoni. Ukasema ni wa kushoto."

"Uliniuliza, nikajibu gamba."

"Sikukuuliza gamba."

"Mimi nilisikia gamba," Mkasi alisema. "Hapo nimekosea, na nitasema hivyo popote. Lakini kosa langu halihamishi tundu la konokono."

Daktari aliweka kalamu chini. Akasema ana kikao saa nne, watazungumza baadaye. Mkasi hakungoja baadaye. Aliteremka hadi ofisi ya mkuu wa idara, mwanamke mnene asiyepoteza maneno, aliyebakiza mwaka mmoja zaidi yake kustaafu na ambaye kwa miaka kumi na tano walikuwa wakisalimiana kila asubuhi na kuishia hapo. Alimweleza vilevile. Mkuu alimuuliza swali moja tu.

"Binti yako ni miongoni mwa waliopita?"

"Ndiyo."

Mkuu alimtazama juu ya miwani. "Saa nane," alisema. "Lete konokono watatu."

Saa nane walikuwepo watano kwenye maabara: mkuu, Daktari, wakufunzi wawili wengine wa idara, na Mkasi. Aliweka sinia kwenye meza ya karibu na dirisha. Kwanza aliwaonyesha springi, akaibonyeza huku na huku, na mkufunzi mmoja akaomba aishike mwenyewe. Kisha akaketi, akachukua koleo dogo, akaanza kumenya gamba. Wengine wakasogea karibu, kama watu wanaotazama kazi ambayo wamekuwa wakila matunda yake bila kuiona ikifanywa. Akaukata msuli, akamlaza mnyama tumbo chini, kichwa kikielekea dirishani, pini nne. Akalipasua joho kwa kutoa pumzi polepole, kama alivyofundishwa, kwa sababu mkono hutulia pumzi inapotoka. Akalikunja pembeni kama mtu anayefunua ukurasa.

"Utumbo huu hapa," alisema. "Ufuate."

Daktari aliinama, akaufuata kwa ncha ya pini. Ulipanda, ukapinda, ukaja mbele, ukaishia kulia.

"Huyu mmoja anaweza kuwa na hitilafu," alisema, na sauti yake haikuwa ya ubishi bali ya mtu anayefanya kazi yake.

Mkasi akamfungua wa pili. Kulia. Wa tatu Daktari aliomba ampasue mwenyewe. Alikuwa na mikono ya kushika vipepeo. Alisahau msuli, akavuta, na mnyama akachanika vipande viwili mikononi mwake. Mkasi akaenda kichumbani bila kuambiwa, akaleta wa nne, na safari hii alimwelekeza kwa kidole mahali pa kukata. Alipolifungua joho, Daktari alibaki ameinama kwa muda mrefu kuliko alivyohitaji kuona.

"Kulia," alisema hatimaye. Akanawa mikono. Akamgeukia mkuu. "Nitasahihisha upya karatasi zote leo. Mwongozo wa majibu niliandika mimi, sikumpasua hata mmoja. Iandikwe hivyo."

"Iandikwe pia kwamba aliniuliza," Mkasi alisema, "nami nikajibu nusu."

Mkuu wa idara aliandika vyote viwili.

Orodha mpya ilibandikwa Jumatano. Ishirini na saba waliokuwa wameanguka wakapita, Baba Mapacha akiwemo, ambaye alisimama mbele ya ubao wa matangazo akilisoma jina lake kwa kidole. Wanne walibaki wameanguka kwa makosa mengine. Na katika wale tisa, watatu walikuwa na alama za kutosha kwingineko wakabaki juu. Sita wakashuka. Kidogo alikuwa wa sita, alama mbili chini ya mstari. Nafasi aliyokuwa ameahidiwa kwenye shule moja ya mjini ilipewa mtu mwingine, na yeye akatakiwa kusubiri miezi minne arudie.

Hakumgombeza Mama yake mkubwa. Angemgombeza ingekuwa afadhali. Aliamka, akasalimia, akafua, akapika, akasoma, na kwa wiki tatu hakusema naye lolote ambalo halikuwa la lazima. Fundi saa alijaribu mizaha yake yote, ya zamani na mipya, ikaanguka chini kama njugu. Wiki ya nne Kidogo aliingia kichumba cha konokono wakati Mkasi anabadilisha maji ya tangi la pili, akasimama mlangoni.

"Nataka kujifunza kupasua bila kumgeuza mara mbili," alisema.

"Nawa uje," Mkasi alimwambia.

Alikuja kila Jumanne na Alhamisi. Daktari naye alianza kuja siku za Alhamisi, akasema ana mchoro anaotaka kuuandaa kwa ajili ya kitabu cha maabara cha chuo, na kweli aliuandaa. Alichora vizuri kuliko alivyopasua. Mara mbili aliukata ule utepe wa ulimi katikati, na Mkasi akamwambia atoe pumzi kwanza. Mchoro ulipochapwa, chini yake paliandikwa kwa herufi ndogo kwamba sampuli zilitayarishwa na msaidizi wa maabara. Jina lake la kweli lilikuwepo. Baadhi ya wanafunzi waliuliza huyo ni nani.

Barua moja iliwekwa kwenye jalada lake. Mkuu alimwita akamwambia iko, hakumwambia ni ya onyo au ya pongezi, na Mkasi hakuuliza. Alistaafu kwa tarehe iliyokuwa imepangwa. Kichumba alimkabidhi mwanamke mmoja mtulivu aliyehamishwa kutoka jikoni, baada ya kumfundisha kwa miezi saba, na somo la kwanza lilikuwa ule msuli.

Kidogo aliporudia mtihani alipita, katikati ya orodha, si juu si chini. Akapangiwa shule ya mbali, safari ya siku nzima. Alikuwa akija nyumbani shule zinapofungwa, na kila alipokuja alikuta watu wawili wameongezeka mvi. Likizo ya mwaka wa pili wa kazi walikuwa uani wakikunja shuka, kila mmoja kashika pembe mbili, wanakutana katikati, wanaachana, wanakutana.

"Mama mkubwa," Kidogo alisema, "nimelifikiria sana lile jambo. Ningekuwa mimi, nisingesema."

"Najua."

"Sisemi ulikosea. Nasema mimi nisingesema."

"Nimekusikia," Mkasi alisema. "Vuta upande wako, imelegea."

Kidogo akavuta. Wakaikunja mara ya mwisho, Mkasi akaiweka juu ya nyingine, wakachukua inayofuata.